Mwembe na Ukoka katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, una aina mbili za uwanja, na kila moja ina historia yake. Uwanja wa kijiji ni udongo mtupu uliofagiwa chini ya mwembe. Hapo mihogo humenywa, nyavu hushonwa, kesi husikilizwa, na mgeni huwekewa kigoda ajipumzishe na jua. Uwanja wa ofisi, shule na misheni ni ukoka uliokatwa usawa mmoja, na mara nyingi mti umepandwa katikati yake kuwa pambo. Kwa zaidi ya miaka mia moja uwanja huu wa pili umehesabiwa kuwa ndiyo maendeleo, na ule wa kwanza umeonekana ni wa watu walioshindwa kuotesha majani. Hoja yangu ni kinyume cha hesabu hiyo. Mti wa kivuli na ukoka hudai mambo tofauti kwa jua, kwa maji, kwa udongo na kwa jasho la binadamu. Watu wa Mweru waliochagua mti na kuuacha udongo wazi chini yake walichagua kwa kufuata majira yao, shughuli zao na nguvu waliyokuwa nayo. Ukoka ulidumu pale palipokuwa na mamlaka ya kuwalazimisha au kuwalipa watu wengine wautunze.

Tuanze na mimea yenyewe, kwa maana historia ya uwanja isiyojua mmea unataka nini huishia kuwalaumu watu. Ukoka, ambao Zambia huitwa kapinga na wataalamu huuita Cynodon dactylon, ni mmea wa jua. Hutengeneza chakula chake kwa njia ile ile ya mahindi na muwa, njia inayostawi joto likiwa kali na mwanga ukiwa mwingi. Watunzaji wa viwanja hupendekeza upate jua lisilozuiwa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Ukipata pungufu ya hapo, vikonyo vyake hurefuka na kukonda, majani huwa haba, na mashina yake yanayotambaa hukimbilia penye mwanga yakiacha mabaka ya udongo nyuma. Mwembe nao hupenda jua, lakini hulipata juu ya vichwa vya wengine wote. Majani yake ni mengi na mazito, wala hayapukutiki yote kwa mara moja, hivyo mwembe uliokomaa huifunika ardhi mwaka mzima. Sifa ile ile inayomfanya mtu aupande mbele ya nyumba yake, yaani uzito wa kivuli, ndiyo inayoukatia ukoka riziki. Mbolea haiwezi kuziba pengo la mwanga, na bidii ya mtunza bustani nayo haiwezi.

Kwenye maji tofauti huwa kubwa zaidi. Mwambao huu hupata mvua nyingi kwa kipimo cha Zambia, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi hukauka. Kanuni ya kawaida ya ukoka wa bustani ni milimita 25 za maji kwa wiki, ambazo ni lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo uwanja mdogo wa mita 10 kwa 10 hutaka lita 2,500 kwa wiki, sawa na ndoo 125 za lita 20, na hutaka hivyo kwa miezi karibu sita mfululizo. Ziwa liko karibu, lakini maji yake hayapandi yenyewe hadi mlangoni. Pasipo bomba na pampu huchotwa na kubebwa, na kichwa kinachoyabeba mara nyingi ni cha mwanamke au mtoto. Mwembe mchanga hutosheka na ndoo moja au mbili kwa wiki katika viangazi vyake vya mwanzo, na ukishazamisha mzizi wake mkuu hauombi tena.

Tena mwembe hukihitaji kiangazi. Ubaridi na ukavu wa Juni na Julai ndio huuchochea kutoa maua, na matunda huiva mvua zikishaanza. Miti ya miombo, inayoifunika nyanda ya juu upande wa mashariki wa ziwa, nayo huchipua majani mapya mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, kwa nguvu iliyokwisha kuwekwa akiba katika mizizi na shina. Ukoka usiomwagiliwa hujiokoa kwa namna nyingine: hulala, hugeuka rangi ya kahawia, na kungoja. Ndiyo kusema kwamba Oktoba, joto likiwa limefika kilele na watu wakihitaji nafuu kuliko mwezi mwingine wowote, mti huwa kazini na ukoka huwa umejifunga. Asiyeitazama kalenda hii anaweza kudhani kwamba uwanja wa kijiji umekosa kitu. Ukweli ni kwamba kitu hicho kisingekuwapo siku kilipohitajika.

Chini ya ardhi nako kuna ugomvi. Wengi hudhani kwamba mizizi ya mti iko chini kabisa na ya nyasi iko juu, basi kila mmea una eneo lake. Sivyo ilivyo. Mizizi mingi myembamba inayoulisha mti imo katika nusu mita ya juu ya udongo, nayo huenea kupita ncha za matawi, mle mle ilimo mizizi ya ukoka. Mwaka 1894 Duke wa Bedford na mkemia Spencer Pickering walianzisha shamba la majaribio ya matunda huko Woburn, Uingereza, na kwa miaka mingi wakailinganisha mitufaha iliyopandwa katika udongo uliopaliliwa na ile iliyozungukwa na nyasi. Mitufaha ya kwenye nyasi ilidumaa vibaya. Pickering aliamini kwamba nyasi hutoa sumu ndani ya udongo. Waliomfuata wakaipa uzito zaidi njaa ya naitrojeni na kiu ya maji. Kwa vyovyote vile, funzo lilibaki: nyasi huukandamiza mti ukiwa mchanga, na mti ukishakomaa huikandamiza nyasi. Katika mchanga wa mwambao, ambao mvua za kila mwaka huuchuja rutuba, shindano hilo huwa kali zaidi. Juu yake huongezeka majeraha ya fyekeo. Kila mara majani yanapokatwa karibu na shina, gome huchanwa, na kidonda hicho ni mlango wa kuvu na mchwa.

Haya yakishafahamika, historia ya watu wa ziwa husomeka kwa namna nyingine. Ufalme wa Mwata Kazembe, ulioasisiwa na Walunda katika bonde la Luapula kusini mwa Nchelenge katika karne ya 18, ulikuwa kituo cha biashara kilichozigusa pande zote mbili za bara. Mreno Francisco de Lacerda alifika huko mwaka 1798 na kufia huko huko. Pedro João Baptista na Amaro José, waliotoka Angola kwa miguu, walipitia kwa Kazembe wakaingia Tete mwaka 1811. David Livingstone alipolifikia Ziwa Mweru Novemba 1867, kisha akaingia mji wa Mwata mwezi huo huo, alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amezuiliwa hapo kwa miaka mingi. Baadaye Kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa lenyewe, kikawa makao ya mtu wa misafara aliyejulikana kwa jina la Shimba. Hao wawili, Muhammad na Shimba, walikuwa watu wa njia iliyoanzia pwani, ikapita Tabora na Ujiji, njia ambayo mpaka leo hutambulika kwa miembe yake. Si kila mwembe wa Luapula ulitoka katika mfuko wa msafiri wa pwani. Misheni ilipanda, maboma yalipanda, na wanakijiji wenyewe walipanda kwa kuzilinda kokwa zilizoota nyuma ya jiko. Lakini kila aliyepanda aliukuta mwembe ukiingia mahali palipokwisha kuandaliwa.

Mahali hapo paliandaliwa na miti ya kwao. Mutaba, mti wa jamii ya mkuyu, huoteshwa kwa kuchomeka tawi ardhini. Ulitoa magome ya kutengenezea nguo kabla kitambaa cha dukani hakijaenea, na ulitoa kivuli. Mpundu, ambao Tanzania huitwa mbura, huachwa umesimama hata shamba linapofyekwa, kwa sababu ya matunda yake na dari yake ya majani. Mti wa aina hiyo ulikabidhiwa hata kumbukumbu za wafu. Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, wenzake waliuzika moyo wake chini ya mpundu, na Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina lake. Mwaka 1899, chini ya utawala wa Robert Codrington, kipande chenye maandishi hayo kilikatwa kikapelekwa London. Waliochonga waliuamini mti kwa sababu katika nchi ile mti ndio uliobaki pale watu walipoondoka.

Na watu waliondoka mara kwa mara. Mji mkuu wa Mwata haukukaa mahali pamoja: mfalme mpya alijenga pengine, na vijiji vilihama kwa sababu ya kuchoka kwa ardhi, vifo, vita au ugomvi wa koo. Jamii ya namna hiyo huwekeza kwa busara inapochagua mmea unaodai kazi kwa miaka mitatu au minne, kisha unaishi bila mtu na kuzaa kwa miongo mingi. Ukoka wa bustani una deni lisilokwisha. Ukiachwa kwa msimu mmoja wa mvua hugeuka kichaka, na ukiachwa kwa kiangazi kimoja hukauka. Mti ulikuwa pia ushahidi. Kwa desturi iliyoenea sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki, aliyepanda mti ana haki nao hata ardhi ikiwa na mwenyewe mwingine, na miembe katikati ya pori huonyesha palipokuwa na nyumba. Uwanja wa nyasi haushuhudii hivyo, kwa sababu ukikosa mtunzaji hufutika.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, ulikuja na namna nyingine ya kuitazama ardhi. Alfred Sharpe aliweka kituo cha Chiengi, penye kona ya kaskazini-mashariki ya ziwa, mwaka 1891. Mwaka 1899, mwaka ule ule kipande cha mpundu wa Chitambo kilipokatwa, majeshi ya Waingereza yaliuteketeza mji wa Mwata Kazembe. Haukupita muda mrefu ukaja ugonjwa wa malale. Mbung'o anayeueneza kando ya mito na maziwa, Glossina palpalis, huishi penye kivuli cha vichaka vya ukingoni. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20 serikali iliamuru vijiji viondolewe kwenye kingo za Luapula na mwambao wa Mweru, na vichaka vya vivukoni vikafyekwa. Amri hiyo ilikuwa na sababu ya kitabibu, na haifai kuidharau, kwani malale yaliua maelfu kwa maelfu Afrika ya kati na mashariki katika miaka hiyo. Lakini iliacha fikra iliyodumu kuliko hatari yenyewe: kwamba ardhi safi ni iliyo wazi, na kwamba mahali pa serikali hutambulikana kwa kukosa kivuli. Watu waliporuhusiwa kurudi ziwani baadaye, walirudi na miche yao, na vijiji vikajipanga kwa mstari mrefu kandokando ya barabara ya bonde, kila nyumba na mti wake.

Uwanja wa kijani ulioletwa na maboma na misheni ulizaliwa katika nchi ambayo mvua nyepesi hunyesha kila mwezi na jua ni la kutafutwa. Hata huko ulikuwa anasa. Kabla Edwin Budding hajapata hataza ya mashine ya kukatia majani mwaka 1830, viwanja vya namna hiyo vilifyekwa kwa mikono na vibarua wa mabwana wakubwa, au vililishwa kondoo. Mashine ndiyo iliyouleta kwa watu wa tabaka la kati. Katika makoloni, penye mashine chache na kiangazi kirefu, pengo lilizibwa kwa mikono ya watu. Katika Rhodesia ya Kaskazini, kama katika makoloni mengine ya Waingereza barani Afrika, kufyeka majani ya boma ilikuwa kazi ya kawaida ya wafungwa, na miongoni mwa wafungwa walikuwamo walioshindwa kulipa kodi. Hii ndiyo gharama isiyoonekana katika picha za zamani za nyumba za wakuu wa wilaya. Baada ya uhuru wa mwaka 1964 viwanja vilirithiwa pamoja na majengo, na fyekeo likaingia mikononi mwa vibarua wa halmashauri na wanafunzi. Shule nyingi za Afrika ya kati na mashariki bado humwadhibu mtoto kwa kumkatisha majani. Kama ukoka ungeufaa uwanja ule, usingehitaji adhabu ili uishi.

Kwa upande wao, watu wa ziwa waligawa ardhi yao kwa kufuata mwanga, na kwa makini kuliko ramani ya boma. Uchumi wa Nchelenge na mji wake wa soko, Kashikishi, unategemea samaki. Migodi ya shaba ya Katanga ilipoanza kula samaki wa Mweru na Luapula kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, uvuvi ukawa biashara kubwa. Katika miongo ya mwisho ya karne hiyo chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wakachukua nafasi kubwa sokoni. Chisense hukaushwa kwa jua. Wanawake wanaowanunua wakiwa wabichi hutaka mchanga au vichanja vilivyo wazi kabisa, visivyoguswa na kivuli kuanzia asubuhi hadi alasiri, la sivyo samaki huoza siku ile ile. Mvuvi aliyekesha ziwani hutaka kivuli cha kulala mchana na kushona wavu. Mihogo hutaka jua shambani, na jua tena inapoanikwa. Hivyo ufuko na shamba vilipewa jua, na ua wa nyumba ukapewa kivuli. Katika mgawanyo huo nyasi fupi inayodai jua la siku nzima, maji ya kila wiki na fyekeo la kila mara haikuwa na kazi ya kufanya. Haizai chakula, haikaushi samaki, wala haimkingi mtu na joto.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba hoja hii inageuza mambo: ukoka ni mmea wa Afrika, ilhali mwembe ni mgeni kutoka Asia ya kusini. Ni kweli, na ukweli huo hauifai hoja ya ukoka. Ukoka wa porini umeota Afrika tangu kale, na jamaa zake wamekwenda mbali. Mwaka 1956 watafiti wa Tifton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, walitoa aina ya Tifgreen, chotara wa ukoka na Cynodon transvaalensis wa Afrika Kusini, nayo ikaenea katika viwanja vya gofu vya nchi nyingi. Nyasi ya nyanda za juu za Kenya, inayojulikana duniani kwa jina la Wakikuyu, imepandwa kuwa uwanja kuanzia Australia hadi Amerika. Kilichokuwa kigeni Mweru ni utaratibu uliowekwa juu ya mmea: kuufanya ardhi nzima, kuukata usawa mmoja, na kuuzuia usilale wakati wa kulala kwake. Mwembe ulitoka mbali, lakini ulikubali majira ya hapa na ukadai kazi ambayo familia moja inaiweza. Mahali pa kuzaliwa kwa mmea hapatuambii kama unafaa. Tuulize unadai nini na nani atalipa.

Pingamizi la pili ni la afya. Husemwa kwamba ukoka uliokatwa hufukuza nyoka na kupunguza malaria, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria. Kuhusu nyoka, udongo uliofagiwa hufanya kazi hiyo vizuri kuliko majani yoyote, kwa sababu kinachopita juu yake huonekana. Kuhusu moto, ambao wapanga miji husahau kuutaja, udongo mtupu ni kinga ya kweli. Kati ya Agosti na Oktoba moto wa nyika hupita sehemu nyingi za Zambia, na majani makavu yaliyofika hadi ukutani mwa nyumba ya nyasi ni njia ya kuuleta moto juu ya paa. Kuhusu malaria, utafiti uliofanywa Nchelenge umeonyesha kwamba mbu anayetawala huko ni Anopheles funestus, ambaye huzaliana katika maji ya kudumu yenye mimea, kama vile ya madimbwi na vinamasi vya kandokando ya ziwa. Kukata ukoka mbele ya ofisi hakumgusi mbu huyo. Vyandarua, dawa ya kunyunyizia ukutani na matibabu ya mapema ndivyo vinavyomgusa.

Pingamizi la tatu lina nguvu kuliko yote, na lina sehemu ya haki. Udongo uliofagiwa kila asubuhi humomonyoka. Mvua ya Desemba ikianguka juu ya ardhi iliyoshindiliwa na nyayo hutiririka badala ya kuzama, huchimba mifereji, huifukua mizizi ya mwembe, na huubeba mchanga hadi ziwani. Ufagio nao huondoa majani makavu ambayo yangeoza na kuurudishia mti chakula chake. Desturi ya kufagia basi haiwezi kutetewa yote. Lakini dawa ya kasoro hii haiko kwenye ukoka, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba ukoka hautashika chini ya mwembe, na palipo na mabaka hauzuii mmomonyoko. Dawa iko kwenye majani ya mti wenyewe. Matandazo ya majani makavu, yakienea chini ya matawi na kuachiwa nafasi kidogo karibu na shina ili gome lisioze, huvunja nguvu ya matone, hutunza unyevu na hulisha mizizi. Watu wanaweza kuendelea kufagia sehemu wanayokaa na njia wanayopita, na kuuachia mti sehemu iliyobaki. Ukoka nao una nafasi yake halali: kwenye miteremko, kando ya mitaro na penye uwanja wa mpira, mahali pa jua kamili pasipo na mti wa kushindana nao, ambapo kazi yake ni kushika udongo au kupokea miguu ya wachezaji.

Pingamizi la nne ni la watu wa bustani, wanaosema kwamba zipo nyasi zinazovumilia kivuli, kama vile Axonopus compressus yenye majani mapana, na Stenotaphrum secundatum inayopandwa sana katika miji ya joto. Nyasi hizo zipo, na penye kivuli chepesi hustawi. Lakini kuvumilia kivuli si kuvumilia kiangazi. Axonopus hupenda unyevu wa kudumu, na Stenotaphrum isiyomwagiliwa kwa miezi sita ya ukavu katika mchanga haitabaki uwanja. Mizizi ya mwembe ikinywa pamoja nazo, deni la maji huongezeka. Wengine hupendekeza matawi ya chini ya mwembe yapunguzwe ili mwanga uingie. Kupogoa kwa kiasi kunausaidia mti na kupitisha upepo, lakini kupogoa hadi nyasi iote ni kuondoa kile kilichofanya mti upandwe. Afadhali kukubali kwamba eneo moja haliwezi kuzitumikia shabaha mbili zinazopingana, na kuchagua.

Uchaguzi huo unahusu leo kama ulivyohusu jana. Shule mpya, zahanati na ofisi zinaendelea kujengwa katika mwambao, na michoro yake bado huonyesha jengo, bendera na mraba wa kijani. Anayengoja kumwona daktari mwezi wa Oktoba, akiwa amembeba mtoto mwenye homa, hahitaji mraba wa kijani. Anahitaji mti, benchi na maji ya kunywa. Halmashauri inayotaka kutumia fedha vizuri ipande miti kwanza, iipe kila mche duara lisilo na nyasi lenye upana wa mita moja au zaidi, ilimwagilie kwa viangazi vitatu, iuwekee uzio wa mbuzi, na ikataze fyekeo kukaribia shina. Ichanganye mwembe na mutaba na mpundu, kwa sababu mti wa aina moja peke yake huwa mateka wa ugonjwa wa aina moja. Ukoka iuweke penye jua na penye sababu, nao utunzwe na mfanyakazi anayelipwa, si na mtoto anayeadhibiwa.

Huenda ikasemwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi Nchelenge kuliko uwanja: kupungua kwa samaki, malaria, bei ya mafuta ya boti, barabara. Sikatai. Lakini uwanja ndipo mambo hayo yote yanapozungumzwa, na namna tunavyoupanga huonyesha tunamheshimu nani. Wanavijiji wa Mweru walikuwa na jibu lililotokana na uzoefu wa vizazi kuhusu jua, maji na kazi, nalo lilipuuzwa kwa sababu halikuwa na rangi ya kijani. Jibu hilo lina upungufu wake, na upungufu huo unarekebishika kwa majani makavu yaliyoko pale pale. Mpango mzuri wa ardhi ya mwambao utaanza siku mkaguzi atakapofika kijijini na kuuliza mti ule ulipandwa na nani, una miaka mingapi na unawakinga watu wangapi, kabla hajauliza kwa nini majani hayajaota chini yake.